Vyumba Ndani ya Muhogo

Bi Kijakazi alikufa akitamani kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hakutamani wali wala kuku. Alisema tu, "Mwajabu mwanangu, hata kidogo, kile kilaini kisicho na uzi," na Mwajabu akainama asimwonyeshe mama yake macho, kwa sababu muhogo ulikuwapo. Ulikuwa ukionekana pale pale kutoka mlangoni, ng'ambo ya njia, tuta baada ya tuta, umepandwa kwa mikono ya Mwajabu mwenyewe. Lakini shamba halikuwa lake tena.

Enzi hizo alikuwa akitawala Mwingereza, na mwaka huo mto Rufiji ulipanda ukala mpunga wote wa bondeni. Huku kwetu Mtunda waliokuwa na muhogo wa mchangani ndio waliokula. Mwajabu alikuwa nao. Yeye na mumewe, Mwinyimvua, walilifyeka pori lile wao wawili, wakang'oa visiki, wakapanda. Kisha Mwinyimvua akafa kwa kifua, Mwajabu akakaa eda. Siku aliyotoka eda, hata udi haujaisha kunukia nguoni, shemeji yake Sadala alisimama uani na wanaume wake.

"Pole na msiba, shemeji," akasema. "Shamba la ndugu yangu sasa nalichukua."

"Tulilima mimi na yeye, shemeji."

"Ulilima, nani kakataa? Hata jembe lililima. Umepata kuona jembe likirithi?"

Wale wanaume wakacheka. Mwajabu akafunga kanga yake vizuri.

Sasa, kwa watu wa huku shamba la muhogo halikabidhiwi kwa mdomo. Anayetoka humpitisha anayeingia tuta kwa tuta, akamwambia: huu mtamu, wa kuchemsha, ule mchungu, wa kuvundika. Maana majani ni yale yale, vijiti ni vile vile, aliyepanda ndiye ajuaye. Mtamu hupandwa karibu na nyumba, mchungu hupandwa pembeni, mpakani na pori, ili nguruwe akija akutane nao kwanza, auonje, arudi kwao. Mwendo huo huitwa kuonyesha matuta. Hata watu waliopelekana kwa kadhi walionyeshana matuta.

"Haya, njoo nikuonyeshe matuta," Mwajabu akasema.

"Nayaona. Nina macho."

"Shemeji, kule kwenye mikorosho kuna mchungu, na huku..."

"Mchungu! Nimekula bada ya shamba hili tangu ndugu yangu yu hai, nyeupe, laini. Leo ndio umekuwa mchungu? Unataka kunizungusha tu uchague pa kuiba. Toka."

Bada ni ugali wa unga wa muhogo, na ile aliyoila Sadala ilitokana na muhogo wa mikorosho, ndiyo. Ila hakupata kumwona Mwajabu akiumenya, akiuvundika mpaka ulainike na kutoa harufu yake, akiukamua, akiuanika juani ukawa makopa, akiutwanga, akiuchekecha. Yeye alikuwa akiuona ukiwa tayari kwenye sinia.

Mwajabu akatoka. Katika ile miezi ya njaa alirudi mara moja kuomba, kwa ajili ya mama yake. Sadala alikuwa kibarazani akipiga mswaki. Akatema mate pembeni, akasema, "Kila mtu na ale kwake." Basi.

Siku ya maziko ya mama yake wanawake walistaajabu kwamba Mwajabu hakulia. Mwanahalima, jirani yake, yule aliyemwosha marehemu, akamshika bega.

"Lia, mwanangu. Utajiumiza."

"Nitalia," Mwajabu akasema. "Sadala akishaanza."

Mwanahalima akaangalia huku na huku kama kuna aliyesikia, akaendelea kukunja jamvi.

Baada ya njaa ile serikali ikatoa amri kila nyumba ipande muhogo, na boma likamtuma bwana shamba kuja kufundisha. Aliitwa Bashiru, kijana wa watu, kaptula imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Watu wakaitwa barazani. Sadala alikuwa mbele kabisa, juu ya kiti, akinong'ona na karani aliyekuja na bwana shamba. Alikuwa ameambiwa boma litamfanya jumbe, mkuu wa kijiji, na kumvisha joho la ujumbe, na tangu hapo alikuwa hana masikio ya jambo lingine. Mwajabu aliketi nyuma, chini, pamoja na wanawake.

Bashiru akaukata muhogo mchungu kwa kisu, akauinua.

"Nani anajua huu una nini hata ukawa mchungu?"

"Umeapizwa na nguruwe!" Mwanahalima akasema, watu wakaangua kicheko.

Bashiru akacheka nao. "Sikiliza, mama. Sisi tulipokuwa tunafundishwa tulionyeshwa kipande chembamba chini ya kioo, kile cha kukuzia vitu vidogo. Ukichungulia unaona mji mzima. Vyumba, vyumba, vyumba, vidogo kuliko chembe ya unga, na kila chumba kina kuta zake."

Siku hizi wajukuu zangu wanaviita seli, na wanachora daftarini. Siku ile hatukuwa na jina lake.

"Na wamepangishwa akina nani humo?" akauliza mwanamke mmoja.

"Wake wenza!" akajibu mwingine. "Kila mmoja na mlango wake, ndio maana kimya!"

"Umekaribia, bibi," Bashiru akasema, na hakuwa anatania. "Mna wawili humo. Ndani kabisa, katika kifuko cha maji, kuna sukari fulani chungu. Peke yake imelala tu. Na kwenye ukuta kuna kitu kingine, kazi yake ni kuipasua ile sukari. Nacho peke yake hakimdhuru mtu. Muhogo ukiwa mzima ardhini, hawa wawili hawaonani. Maisha yake yote unawaweka mbalimbali. Sasa aje nguruwe aung'ate. Ukuta umevunjika, wawili wamekutana, na hapo hapo sumu inazaliwa. Haikuwamo kabla. Imezaliwa mdomoni mwa nguruwe."

Mwajabu aliacha kusuka ukili wa mkeka aliokuwa nao mkononi.

"Ndiyo sababu mnavundika," Bashiru akaendelea. "Kuta zinalainika polepole, wawili wanakutana wote, mpaka wa mwisho, sumu inazaliwa na kutoka yote, nyingine kwa maji, nyingine kwa jua na upepo. Kinachobaki ni chakula."

Mwajabu akainua mkono. "Bwana shamba, na mtu asiyevundika, akauchemsha tu? Moto si utaimaliza?"

"Hapana, dada. Moto unamuua yule mpasuaji wa ukutani. Ile sukari chungu inabaki salama chumbani mwake, imefungiwa. Lakini tumboni mwetu nako kuna wapasuaji. Chumba kitafunguliwa humo."

"Na kama aliyekula hajui?"

"Tumbo haliulizi."

Mwajabu akamtazama Sadala. Alikuwa akimpimia karani urefu wa joho kwa mikono, hapa mpaka hapa, wala hakusikia neno hata moja.

Tangu siku hiyo Mwajabu akawa mtulivu, watu wakasema Mungu amempa subira. Lakini mimi nawaambieni haikuwa subira mnayoidhani. Alikuwa na vitu viwili. Kimoja ni sauti ya mama yake ikiomba kile kilaini kisicho na uzi. Cha pili ni kujua ni tuta lipi. Akaviweka mbalimbali, akapika, akasuka, akasali, akasalimiana na watu njiani, hata Sadala alimsalimu. "Shikamoo" hakumpa, ila alimpa "habari za asubuhi". Na kila asubuhi alifungua mlango, akatazama ng'ambo ya njia.

Sadala alikuwa akichimba kuanzia upande wa nyumba, kama Mwajabu alivyotegemea. Mtamu. Aliupeleka sokoni Kibiti kwa mizigo, na hakupanda tena. Kila tuta lililobaki shimo tupu, Mwajabu aliona linamsogeza Sadala. Matuta yakaisha kuelekea kwenye mikorosho, taratibu, kama maji yanavyopungua bwawani. Mwajabu hakusukuma. Mtu mwenyewe alikuwa akienda kwa miguu yake.

Hapo ndipo Sadala akaoa. Mke alikuwa Johari, binti wa visiwani huko deltani, watu wa kuvua na kukata mikoko. Kwao ni mchele na samaki. Muhogo huwafikia ukiwa makopa, umeshanyamazishwa na wengine. Siku moja akavuka njia na kikapu, akabisha hodi kwa adabu.

"Dada Mwajabu, samahani. Bwana anataka nipike muhogo wa nazi, watu watakuja kwenye sherehe ya joho. Amechimba wa kule mwisho. Mimi naukata naona unatoa maziwa mengi na harufu siielewi. Huu unapikwaje?"

Akautoa mmoja kikapuni. Ngozi nyekundu, mnene, wa mikorosho kabisa.

Mwajabu akaushika. Akaugeuza. Ilikuwa mikono yake iliyopanda kijiti chake.

"Mwenye shamba kasemaje?"

"Kasema muhogo ni muhogo."

"Basi wewe ni mke wake," Mwajabu akasema, akamrudishia. "Muulize yeye."

"Dada, ananigombeza nikimuuliza."

"Mimi sina shamba, mdogo wangu. Nitasemaje habari za shamba la watu?"

Johari akasimama kidogo kama anayengoja neno jingine, kisha akaondoka. Mwajabu akarudi kwenye ukili wake, akashona vibaya, akafumua, akashona tena.

Alikuwa amejiambia kwamba Sadala atapikiwa, Sadala atakula. Habari ya watu hakuiweka katika hesabu. Lakini siku ya joho, baada ya sala ya adhuhuri, njia ikajaa. Mtunda nzima ilikuwa inapita, wengine wametoka Mahege. Mwanahalima akapita na kanga yake ya Idi, wajukuu wamemfuata nyuma wamepakwa mafuta wanang'aa.

"Huendi, mwanangu?"

"Siendi."

"Twende bwana! Mtu katunyima tangu njaa, leo anatulisha bure. Mimi nitakula mpaka joho limbane yeye!"

Akaenda zake anacheka. Mwajabu akabaki mlangoni anatazama mgongo wake. Mikono ile ndiyo iliyommiminia maji mama yake, ikamfunga kidevu, ikamfumba macho.

Alikaa hapo, sijui kwa muda gani. Kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni, akavuka njia ambayo hakuivuka tangu siku ya kuomba.

Uani kwa Sadala mikeka ilikuwa imetandikwa, masinia yamewekwa, muhogo unameta kwa tui zito, samaki wa kukaanga juu yake. Tarishi wa boma ameketi mahali pa heshima. Sadala katikati, joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, jasho linamtoka. Bismillahi ilikuwa inasemwa.

"Msile," Mwajabu akasema.

Hakupiga kelele, lakini walisikia. Sadala akageuka.

"Ah! Mwenye jembe kaja. Mpisheni akae, naye ana njaa."

"Mwanahalima, weka chini," Mwajabu akasema. "Watoe na watoto mikono. Muhogo huu ni wa mikorosho. Wa nguruwe. Haukuvundikwa, umechemshwa tu. Mlimsikia bwana shamba."

Mwanahalima alikuwa na kipande katikati ya sinia na mdomo. Akakitazama. Akamtazama Mwajabu. Akakirudisha, akafuta vidole kwenye ukingo wa mkeka, akamshika mjukuu mkono.

"Nyie! Mmerogwa?" Sadala akasema. "Huyu ana kinyongo na mimi. Anataka kuniharibia siku yangu. Nakwambieni mimi jumbe wenu, kuleni!"

Ikasikika sauti ya vipande vikirudi sinia hii, sinia ile. Tarishi wa boma akavuta mkono wake taratibu, akajifanya anatengeneza kofia. Wanaume wale wale waliocheka siku ya jembe wakawa wanaangalia magoti yao. Maana wote walikuwa wamekula bada ya Mwajabu miaka yote, na hakuna aliyepata kuumwa hata tumbo. Kwa habari ya muhogo, neno lake walilijua.

Sadala akaona. Joho lilikuwa halijamaliza hata siku moja mabegani, na neno lake la kwanza lilikuwa limeanguka chini, mbele ya boma.

Hapo Mwajabu angeweza kuondoka. Alikuwa ameshawaokoa aliotaka kuwaokoa. Lakini alimgeukia, akasema polepole, kwa heshima, mbele ya watu wote:

"Na wewe, shemeji, nakusihi usile. Hutauweza."

Nani atamlaumu? Alisema kweli. Alimkataza. Na alimjua anayemkataza.

"Sitauweza?" Sadala akasema. Akavuta sinia zima mbele yake. "Mimi?"

"Bwana, acha," Johari akalia kutoka jikoni. "Bwana, kwa ajili ya Mungu!"

"Nyamaza!" Akala. Akala kipande, akameza, uso ukakunjamana kidogo, akatabasamu. "Mtamu!" Akachota tui kwa kiganja. Akala kingine. "Asali hii! Mnauona mtamu huu?" Akala huku anamtazama Mwajabu, na Mwajabu akaketi kwenye ukingo wa mkeka, miguu ameikunja, akamtazama, asipepese. Alikuwa anatazama jinsi anavyotafuna. Vizuri, kwa meno yote.

Kabla ya alasiri Sadala alitaka kusimama amsindikize tarishi, miguu ikakataa. Akasema kichwa kinamgonga. Akasema nani amezima jua. Kisha akatapika juu ya uzi wa dhahabu, akaanza kuhema kama mtu aliyekimbizwa, na macho yakamtoka. Wakamweka kitandani, kitanda mabegani, wakakimbia naye kwenda zahanati ya Kibiti. Alikuwa akilia njia nzima. Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya njia.

Mwajabu akaingia ndani kwake, akafunga mlango, akamlilia mama yake.

Sadala hakufa. Alitapika, na huenda ndiko kulikomponya. Alirudi amekonda, anaogopa kila kinachoingia mdomoni. Joho lilifuliwa likawekwa sandukuni. Akitoa amri, watu walimjibu "ndiyo, jumbe," kisha wakaenda kumuuliza Mwanahalima. Wazee wakakaa wakasema mtu aliyekataa kuonyeshwa matuta hakukabidhiwa shamba, kwa hiyo halikuwa lake tangu mwanzo. Shamba likarudi kwa Mwajabu, au kile kilichobaki.

Siku moja Johari akavuka njia tena.

"Nilikuuliza, dada," akasema. Hakusalimu. "Nilikuja kwa adabu nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Wangekufa watu kwa mkono wangu."

Mwajabu akamwondolea kanga kwenye kigoda ili aketi. Johari hakuketi.

"Hali kitu," akasema. "Uji anautema. Anasema labda muhogo mtamu, wa kuchemsha, ule laini. Sisi hatunao. Wewe umepanda kidogo uani kwako tangu ile amri. Ameniambia nikuombe."

"Kaniomba mimi?"

"Kasema kipande tu."

Mwajabu akachukua jembe, akachimba, akamenya, akauchemsha kwa maji na chumvi mpaka ukapasuka. Akachagua kipande kilaini, akakitoa uzi wa katikati, akakiweka kwenye sahani ya bati ya mama yake. Akakipeleka mwenyewe.

Sadala alikuwa kibarazani, mahali pale pale pa mswaki. Mwajabu akamwekea sahani mbele, akaketi.

"Karibu, shemeji. Mtamu huu. Nimeupanda mimi."

Moshi ulikuwa unapanda. Sadala akanyoosha mkono, ukafika ukingoni mwa sahani, ukasimama. Akautazama muhogo. Akamtazama Mwajabu usoni, akatafuta humo, chumba kwa chumba, asione kitu. Mate yalikuwa yanamjaa mdomoni.

"Uonje wewe kwanza," akasema.

Mwajabu akaukata katikati, akala nusu. Akameza. Akangoja.

"Upande huu," Sadala akasema. "Huu ulioachwa. Nitajuaje huu?"

"Mimi nikikuonyesha, utaamini?"

Sadala akauvuta mkono wake nyuma, akauficha chini ya shuka. Chozi likamtoka, la njaa kabisa.

Mwajabu akachukua ile nusu iliyobaki. Akaila polepole mbele yake, mpaka mwisho, akalamba chumvi kidoleni. Kisha akainuka na sahani ya mama yake, na alipofika njiani akamwita Johari atoke.

"Njoo, mdogo wangu. Wewe nitakuonyesha matuta."